Wifi anajilaumu kwa kifo cha mumewe ziwani, nimsaidieje?

DadaWaIgombe: Naombeni ushauri. Kaka yangu, mvuvi wa dagaa, amezama kwenye dhoruba. Jioni ile waligombana na mkewe kuhusu ada, wifi akamwambia, "Kwani leo huendi ziwani?" Matanga yameisha, na sasa anasema yeye ndiye aliyemuua. Tukimwambia asijilaumu, ni mipango ya Mungu, anazidi kunyamaza.

Mnasihi_Nyamagana: Pole sana dada, nawe umefiwa. "Usijilaumu" ikitangulia humfunga mdomo, kwa hiyo hatia inabaki ndani. Kaeni wawili tu, mbali na mama mkwe na watoto. Akusimulie siku ile tangu asubuhi, usimkatize. Kisha pigeni mstari katikati ya karatasi. Kushoto andikeni aliyoyajua jioni ile: anga ilikuwaje, mitumbwi mingine ilitoka au la. Kulia, aliyoyajua baada ya habari kufika. Utaona "ningejua" zake karibu zote zinaangukia kulia, naye anajihukumu kama aliyekuwa nazo tangu jioni. Nusu saa yatosha. Akichoka, acheni.

Mwalo_Kirumba: Mweleze na Ziwa Victoria lenyewe. Usiku pepo za nchi kavu hutoka pande zote zikakutana juu ya maji yenye joto, mawingu ya radi yakakua mpaka alfajiri. Ndiyo maana dhoruba nyingi huwakuta wavuvi saa hizo. Na dagaa huvuliwa siku za giza, kwa kuwa mbalamwezi ikiwaka taa haiwavuti vizuri. Ratiba ya kutoka hupangwa na mwezi, si na maneno ya wifi. Halafu wewe ni dada wa marehemu: ukimwambia "sisi upande wa kaka hatukulaumu", ina uzito kuliko ikisemwa na jirani. Ila semeni hivyo kama mmekubaliana kweli, maana shangazi mmoja akimnyooshea kidole kwenye kikao cha mirathi, kazi yote inaharibika.

NesiMstaafu: Bado kuna yale maneno makali. Hayakumuua kaka, lakini aliyasema, na anayajutia kwa haki. Msimwambie si kitu. Amwandikie mumewe barua: nilichosema, kilichonisukuma, ninachokuomba. Aisome kaburini au kwa sauti nyumbani, akiwa na mtu mmoja anayemwamini, pamoja na sala au dua ya dini yake.

Akisema anataka kumfuata mumewe, asiachwe peke yake hata usiku, ondoeni sumu ya panya na viuatilifu vya shambani, mpelekeni siku hiyohiyo hospitali ya Sekou Toure au Bugando, hapo Mwanza. Msimnunulie vidonge vya usingizi duka la dawa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2013 unakataza kuwapa wafiwa dawa za kutuliza za jamii ya diazepamu kwa ajili ya msiba tu. Ikipita miezi 6 na majonzi bado yanamzuia kula, kufanya kazi au kulea, pia apelekwe.

DadaWaIgombe: Asanteni. Juzi alicheka na mtoto, kisha akalia kwamba amemsahau mumewe. Sokoni pia hataki kurudi.

Mnasihi_Nyamagana: Hajamsahau. Watafiti wa majonzi, Stroebe na Schut, walieleza mwaka 1999 kwamba mfiwa huenda na kurudi kati ya uchungu na shughuli za maisha, na kote kuwili ni kuomboleza. Sokoni aanze na asubuhi moja, mzigo mdogo, wewe ukiwa naye. Wateja watamuuliza kuhusu mumewe, kwa hiyo mpange kabla atajibu nini, na nani atashika meza akizidiwa.