Vibao vya mpini wa kisu: CNC ndogo ichonge vyote, ikate umbo tu, au tubaki na msumeno?

Kisu_Keko
Wakuu, habari za kazi. Natengeneza visu vya jikoni, vile ambavyo chuma kinapita mpini wote na vibao viwili vinakibana huku na huku kwa pini. Nimenunua 3018, ile CNC ndogo (mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta) yenye eneo la kazi la sentimita 30 kwa 18, na nina oda ya visu 20 vinavyofanana. Niko njia panda. Mashine inaweza kuchonga kila kitu mpaka mviringo wa kiganja. Au itoboe na kukata umbo la nje tu, mviringo nimalizie kwa tupa na msasa. Au niiache ikae, niendelee na kalamu, msumeno na drili ya kusimama. Mti ni mpingo, mabaki ya wachongaji wa Mwenge, ila visu vichache mteja anataka G10, ile ya nyuzi za kioo. Mliopita huko semeni.

MzeeTupa
Chuma chako kinakatwaje? Anza hapo. Kama kila kisu unakifuatisha kwa grinda kwenye mstari wa kalamu, hakuna viwili vinavyolingana, na mchoro mmoja wa kompyuta hautavivalisha vyote. Tundu likihama nusu milimita tu, pini haipiti.

Kisu_Keko
Kinakatwa kwa leza, Mzee wangu. Na matundu yanatobolewa kabla chuma hakijakazwa kwa moto.

MzeeTupa
Haya, hapo mashine ina kazi. Vingekuwa visu vya kufua kimoja kimoja ningekwambia uiuze.

nyuzi_tisini
Nasimama na njia ya pili, na sababu ni muda. Chukua kibao cha milimita 120 kwa 30, unene 8. Kukizunguka nje ni kama milimita 300. Kwenye mpingo, biti ya 3018 (ncha yake ya kukatia) usiizamishe zaidi ya nusu milimita kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo ni mizunguko 16. Kwa mwendo wa milimita 400 kwa dakika, hiyo ni dakika 12. Visu 20 ni vibao 40, saa nane.

Sasa ongeza mviringo. Biti ya kichwa cha duara ikipita kila baada ya milimita 0.3 kwenye upana wa 30, ni mapito 100, safari ya mita 12. Kwa mwendo wa 500 ni dakika 24 kwa kibao, saa 16 juu ya zile nane, na bado hujahesabu kupunguza mti wa juujuu kwa biti bapa. Tupa nzuri inakushinda hapo kweli?

Kuhusu kushikilia: toboa matundu kwanza. Kwa pini ya 5 mm mimi naweka tundu la 5.1, biti ya milimita 3.175 izunguke ikishuka. Kisha pitisha skrubu kwenye matundu hayohayo mpaka kwenye ubao wa MDF (unga wa mbao ulioshindiliwa) ulio chini, ndipo ukate umbo. Klampu hazikai njiani na kibao hakirushwi mwishoni. Umbo la nje liache kubwa kuliko chuma kwa nusu milimita, utalisawazisha na msasa baada ya kugandisha.

DadaMpingo
Hesabu ni sawa, kaka, ila hiyo 0.3 umeichagua kwa makusudi 😄 Kwa biti ya duara ya 3.175, mapito ya 0.3 yanaacha matuta ya kama milimita 0.007. Ya 0.6 yanaacha 0.028. Msasa wa 180 unafuta yote mawili, kwa hiyo ni dakika 12, sio 24. Halafu saa za mashine si saa zangu. Wakati inachonga mimi nanoa.

Jambo lingine ni ulinganifu. Visu 20 vikipangwa mezani, mpini uliochongwa kwa mkono unaonekana upande mmoja umenenepa. Mteja wa oda kubwa analiona hilo kabla hajaona makali.

Na usisahau kugeuza mchoro kwa kibao cha pili kama kivuli cha kioo. Bila hivyo utapata vibao 40 vya kulia.

MzeeTupa
Kunoa sawa, lakini chumba hichohicho. Biti ikikwama kwenye mpingo inasugua, inapata moto, na vumbi liko pembeni. CNC haiachwi peke yake.

Wamunyu_JuaKali
Mimi niko Kenya, CNC sina, ila mpingo naujua tangu utoto. Huu mti haupendi joto. Biti butu au msasa wa kasi ukiupasha, unapata nyufa nyembamba ambazo huzioni mpaka upake mafuta. Ukiona mashine inatoa unga laini badala ya vipande vidogo, ongeza mwendo au punguza kasi ya biti kuzunguka. Tena una mafuta yake ya asili: futa upande wa ndani kwa asetoni kabla tu ya kupaka gundi ya epoksi, ama vibao vitabanduka. Na vumbi lake linawasha macho na ngozi, wengine linawaziba kifua.

Kisu kimoja cha zawadi nafanya kwa msumeno bila kufikiria. Kwa ishirini ningekuja kwako na soda.

nyuzi_tisini
DadaMpingo, nakubali 0.6. Bado kwa mpingo nachagua tupa, kwa sababu nikiona ufa naupunguza au naukwepa. Mashine haioni.

Ila kwa G10 nageuka. Ile ni nyuzi za kioo ndani ya epoksi, na kuimaliza kwa msasa mkavu ni kuvuta kioo puani. Hapo mashine ichonge kila kitu, kibao kikiwa ndani ya trei ya plastiki yenye maji kidogo, ili vumbi lizame. Biti iwe ya kabaidi, ya chuma cha kawaida itakufa mapema. MDF usiweke ndani ya maji, itavimba. Weka kipande cha plastiki. Msasa wa mwisho nao uwe wa maji, na barakoa ya FFP3, ile ya kuchuja vumbi laini. Kitambaa hakisaidii.

DadaMpingo
Kwa G10 tuko pamoja. Kwa mpingo tutaendelea kubishana.

Kisu_Keko
Asanteni sana. G10 itachongwa yote ndani ya maji. Mpingo nitakata umbo na kutoboa, kisha mviringo nijaribu kwenye kisu kimoja kwa 0.6 na kingine kwa tupa, mteja achague mwenyewe. Swali la mwisho: umbo la mkia wa chuma, yaani sehemu inayokaa ndani ya mpini, mnalipataje? Leza wamenipa faili, lakini sina hakika kama chuma hakijapinda baada ya moto.

MzeeTupa
Picha ya simu itakudanganya pembeni. Kilaze kisu kilichokwisha kukazwa kwenye skana ya ofisini, rula kando yake, kisha pandisha faili la leza juu ya picha hiyo. Matundu yakipishana, fuata chuma, si faili.