Gobore lililorudi kutoka porini likiwa bado limeshiba: tupeane uzoefu

Mjukuu wa Sikonge
Wakuu, habari za jioni. Juzi tumemaliza arobaini ya babu, tukaanza kushusha vitu vyake. Gobore lilikuwa linaning'inia juu ya kitanda tangu alipoacha kwenda porini, miaka tisa sasa. Leseni ipo kwa jina lake, lakini hakuna aliyejua kama lina kitu ndani. Baba mdogo akachukua mdeki, ule ufito wa kushindilia, akauingiza mtutuni mpaka ukagota, akabana kidole pale mdomoni. Akauchomoa, akaulaza kwa nje sambamba na mtutu. Wakuu, ulipungua vidole vinne kufika mwisho! Vidole vinne vya baruti na vipande vya nondo, na sisi wajukuu tulikuwa tunalala chini yake kila likizo.

Fataki, kile kikofia cha kuwashia baruti, haikuwepo, afadhali. Akaitwa fundi, akafungua kile kichuchu cha kuvalisha fataki, akamimina maji kwa tundu lile, likalala limelowa usiku kucha. Asubuhi akalichokonoa kwa mdeki wenye parafujo nchani. Sasa liko polisi wakati tunashughulikia leseni. Nyie mkirudi jioni kutoka porini na gobore bado limeshindiliwa mnafanyaje?

Kanga Wawili
Pole kwa msiba mkuu. Mimi huku Liwale nilikuwa wa kufyatua hewani nikikaribia kijiji, watu wanajua fulani karudi. Siku moja gololi ikaangukia bati la jirani, ikatoboa. Nililipa bati na matusi nikatukanwa. Siku hizi namalizia porini, kwenye ukingo wa mchanga wa korongo, nikishaona hakuna mtu wala ng'ombe upande ule.

Mzee wa Masika
Na ukishafyatua kazi haijaisha. Masizi ya baruti nyeusi yanavuta unyevu kama chumvi. Niliwahi kurudi nimechoka, masika yamekolea, nikasema nitasafisha kesho. Kesho ikawa siku ya tatu. Mtutu ulikuwa mwekundu ndani kama udongo wa kichuguu. Dawa ni maji ya moto na sabuni ya mche, usiku uleule. Yakiwa yanachemka kweli, chuma kinapata joto na kujikausha chenyewe. Halafu mafuta ya cherehani, kidogo tu. (Sufuria tafuta ya kwako, mke wangu hajanisamehe mpaka leo.)

Ila kabla ya kushindilia tena, futa yale mafuta. Yakilowesha baruti, fataki inalia "ta!" halafu kimya. Hapo ndipo watu wanaumia, mtu anageuza mdomo wa bunduki achungulie. Elekeza mbele, hesabu dakika nzima, halafu toa fataki.

Mbeba Gumegume
Nipo Pennsylvania, wakuu. Huku baada ya Krismasi kuna msimu wa paa wa bunduki za gumegume, zile za jiwe. Shida yetu ni baridi: bunduki imeshinda kwenye theluji, ukiiingiza nyumba yenye hita inatoa jasho, na baruti iliyomo inaloa. Wengine huiacha sehemu ya baridi iliyofungwa kwa kufuli, wawinde nayo kesho. Mimi huwa naitoa. Kuna kichupa cha gesi unakibana kwenye tundu la pembeni, kinasukuma risasi na baruti nje bila moto wowote.

Kanga Wawili
Wanalaza bunduki na baruti ndani kwa hiari yao? Hapana jamani.

Mzee wa Masika
Mjukuu, uliza kama mdeki wa babu una mikato miwili. Wazee walikuwa wanachonga mmoja wa mtutu mtupu, mwingine wa mtutu ulioshindiliwa. Hata gizani unapapasa unajua.

Mjukuu wa Sikonge
Nimeutazama sasa hivi. Ipo miwili! Sote tulidhani panya. Mkuu wa Pennsylvania, hicho kichupa kinaweza kuingia kwenye gobore letu la kienyeji?

Mbeba Gumegume
Sidhani mkuu. Matundu ya mafundi wetu hayafanani hata mawili.