Mkojo una povu, miguu inavimba: ni figo au uchovu tu?

Kijana wa Njoro: Wakuu habari za asubuhi. Miaka 34, nipo Moshi. Wiki ya tatu sasa nikikojoa povu linajaa kama nimemwaga sabuni ya unga, namwagia maji bado lipo. Nikiamka macho mazito, jioni nikivua soksi mpira umeacha mfereji mguuni. Kiuno hakiumi. Ni figo au uchovu? Msinitishe tu.

MamaDee: Pole mdogo wangu. Punguza chumvi, kunywa maji. Chipsi mayai zitawamaliza nyie vijana.

Arifu wa Ngarenaro: Maji hayo, chalii. Huku kwetu Arusha floridi imetupaka meno kahawia tangu utoto. Bibi yangu wa Maji ya Chai alikuwa anacheka kafunika mdomo na khanga.

Mzee wa Kiborloni: Floridi ni meno na mifupa, na kijana kasema yuko Moshi. Povu lisiloisha linaweza kuwa protini inavuja. Kiuno kutouma si hoja, figo huharibika kimyakimya. Unatumia dawa gani?

Kijana wa Njoro: Hakuna ya maana.

Mzee wa Kiborloni: Na isiyo ya maana?

Kijana wa Njoro: Diklofenaki tu, ya maumivu ya magoti. Viwili vitatu kwa siku, tangu mwaka jana. Mimi ni mgumu, napandisha mizigo ya wageni mlimani. Sheria kilo 20, ila magoti hayasomi sheria. Jumamosi tunaingia lango la Londorosi, siku nane mlimani, na advansi nimeshalipia ada ya mtoto. Nilitaka kujua tu kama inaweza kusubiri nirudi.

MamaDee: Ungesema mapema! Kaka yangu alianza hivihivi. Akaishia kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, masaa manne kila mara. Shamba la kahawa likauzwa, na mke akaondoka. Yule mwanamke sikumpenda tangu siku ya posa.

Nusanusa: Subirini, sasa hivi anatokea mtu na namba ya simu ya mzizi unaosafisha figo. Huyuhuyu mwezi wa nne aliuliza humu bei ya tairi la bodaboda. Leo mpagazi?

Kijana wa Njoro: Mwezi wa nne masika, mlimani hakuna wageni. Ulitaka nile nini?

Nusanusa: Haya, weka picha ya povu.

MamaDee: Jamani, wengine tunakunywa chai!

Mzee wa Kiborloni: Awe muongo au mkweli, jibu ni lilelile. Dawa hiyo hubana damu inayoingia kwenye figo. Huko juu ukipungukiwa maji umezibana mara mbili. Iache leo. Nenda hospitali kapime presha, mkojo, na kreatinini kwenye damu, ule uchafu ambao figo zinapaswa kuuchuja. Ni asubuhi moja tu.

Kijana wa Njoro: Nimepima presha duka la dawa hapa stendi. 164 kwa 102. Nahisi mashine yao mbovu.

Arifu wa Ngarenaro: Na soksi nazo mbovu?