Kurekebisha shokapu za nyuma kwa pikipiki ya kubebea karafuu

Mchukuzi wa Mtambile

Assalamu alaykum ndugu zangu. Nina pikipiki ya sisi 125 yenye shokapu mbili nyuma, na msimu huu nachukua karafuu mbichi kutoka mashambani hadi nyumbani tunakoanikia. Kila safari ni magunia mawili yenye jumla ya kilo 90, na mimi mwenyewe nina kilo 70. Nikipita kwenye shimo, tairi ya nyuma hukwaruza madigadi, usukani huwa mwepesi kupita kiasi kila ninapopanda mlima, na usiku taa humulika matawi ya minazi badala ya njia. Chini ya kila springi kuna pete yenye ngazi tano, nayo iko ngazi ya kwanza tangu niliponunua. Fundi mmoja amenishauri tuchomelee springi ya ziada kila upande. Je, nikubali, au pete hiyo inatosha?

Fundi wa Wete

Waalaykumu salaam, mwanangu. Usichomelee kitu chochote. Moto wa kuchomelea hulegeza chuma cha springi na kuunguza sili ya shokapu, na mafuta ya ndani yakishavuja, pikipiki itadunda kama mpira hata ukiwa peke yako.

Pete uliyoitaja huzungushwa kwa spana ya ndoano, na ni lazima pande zote mbili ziwe ngazi moja, kwani zikitofautiana mkono wa nyuma unaoshika gurudumu hupindwa kila unapopita kwenye bonde. Lakini fahamu kazi yake. Pete haiongezi nguvu ya springi. Huibana tangu mwanzo, ili pikipiki isimame juu zaidi na ibaki na nafasi ya kushuka inapokutana na shimo. Kila kilo utakayoongeza baada ya hapo itaididimiza kwa kiasi kile kile cha zamani.

Kwa hiyo pima, usikisie. Isimamishe kwa stendi kubwa, gurudumu la nyuma likiwa halijagusa chini, kisha pima kwa futi ya fundi cherehani kutoka kwenye nati ya ekseli hadi alama utakayoiweka juu yake kwenye bodi. Ishushe, pakia mzigo, ukae, na mwenzako apime tena pale pale. Tofauti ya vipimo hivyo ndiyo kiasi inachodidimia. Ikiwa gurudumu lina safari, yaani umbali linaoweza kupanda na kushuka, ya sentimita 9, kudidimia sentimita 3 hivi ni sawa, ila ikifika 5 au 6 mzigo umeishinda springi. Kama huna magunia karibu, dumu la lita 20 lililojaa maji ni kilo 20, nalo linatosha kwa majaribio.

Mkulima wa Konde

Mimi naongeza la mzigo wenyewe. Karafuu mbichi hupoteza takriban theluthi mbili za uzito wake zikikauka, kwa hiyo sehemu kubwa ya unachokibeba mlimani ni maji. Ukipata uwanja wa kutandika majamvi karibu na shamba, na mtu wa kuaminika wa kulinda, anika huko huko. Vilevile usiyafunge magunia nyuma ya karia. Uzito ukipita nyuma ya ekseli hunyanyua gurudumu la mbele, na nadhani ndiyo sababu ya usukani wako kuwa mwepesi. Yalaze yaguse mgongo wako.

Mchukuzi wa Mtambile

Shikamoo fundi, nimepima jana jioni. Safari ya gurudumu ni sentimita 9 kama ulivyosema. Kwa ngazi ya kwanza na magunia mawili, ilididimia sentimita 6 na kidogo. Kwa ngazi ya nne ilikuwa 5. Nilipotoa gunia moja nikabaki ngazi hiyo hiyo, ilikuwa 3, na tairi haikugusa madigadi hata niliporukaruka juu ya kiti.

Fundi wa Wete

Marahaba. Basi jibu umelipata mwenyewe: gunia moja kwa safari, ngazi ya nne. Soma pia kijitabu chake, kwani uzito wa juu ulioandikwa humo unamhesabu na dereva, na kilo 160 ni nyingi kwa pikipiki ya namna hiyo.

Yamebaki mambo matatu. Jaza upepo asubuhi tairi ikiwa baridi, kwa kipimo cha mzigo kilichoandikwa kwenye kibandiko karibu na cheni. Ulegevu wa cheni uukague mzigo ukiwa juu, kwa sababu cheni hukaza zaidi pale sproketi ya mbele, egemeo la mkono wa nyuma na ekseli vinapokuwa kwenye mstari mmoja, na mzigo ndio unaovisogeza huko. Cheni iliyokazwa pikipiki ikiwa tupu huweza kula beringi. Na ukimaliza kazi, rudisha pete ngazi ya kwanza au ya pili, maana springi iliyobanwa bila mzigo hulirusha gurudumu juu ya kokoto, na gurudumu lililo hewani halina breki.

Taa iinamishe baada ya hayo yote, pikipiki ikiwa na gunia lake.