Naombeni ushauri: diorama ya gesi ya sumu ya G3 (katuni ya Kijapani ya Gundam), moshi haukai chini

Koloni_Bovu: Wakuu, habari za jioni. Natengeneza diorama (mandhari ndogo ya mfano) ya kipimo cha 1/144: Zaku, roboti la kivita, imesimama mlangoni mwa koloni ya anga, inapuliza G3 ndani, chini kuna mtaa na magari. Sanduku ni la pleksi (plastiki angavu) ya milimita 3, sentimita 40 kwa 30 kwa 30. Nataka gesi itambae chini, isipande juu kama moshi wa sigara. Maonyesho ni Jumamosi na nimekwama kabisa. Nifanyeje?

Shahidi_Side2: Mkuu, rekebisha kichwa kwanza. G3 ni ya mwaka 0085 wa kalenda ya Gundam: Titans, kikosi cha jeshi la Dunia chini ya Bask Om, waliipuliza ndani ya koloni ya 30 Bunch, kundi la Side 1, kuzima maandamano, wakafa watu milioni 15. Zaku za Zeon, taifa la angani lililopigana na Dunia, ni Januari 0079, koloni ya Island Iffish, Side 2, na gesi ile ni GG. Cima Garahau, kamanda wa Zeon, na kikosi chake waliambiwa ni ya kulaza watu usingizi tu. Kisha koloni ile ile ikasukumwa iangukie Jaburo, makao makuu ya jeshi la Dunia, ikakatika angani, kipande kikubwa kikaangukia Sydney. Kwa wiki ile ya kwanza ya vita tumia Zaku II aina ya C, yenye kinga ya mionzi.

Plastiki144: Mimi naona tatizo ni vipimo. Zaku ya mita 17.5 kwa 1/144 ni sentimita 12. Koloni ni silinda; yenye kipenyo cha kilomita 6 ingekuwa zaidi ya mita 41! Kwa hiyo sakafu iache bapa, usiikunje. Magari ya mbele yawe 1/144, majengo ya nyuma 1/700, jicho litajaza umbali lenyewe.

Mama_Kaki: Watu wa Island Iffish walikuwa raia, wamo majumbani mwao. Tafadhali Zaku isikae kishujaa. Igeuze mgongo, macho ya mtazamaji yabaki mtaani.

Mpimaji: Mleta uzi, moshi wenyewe unatokana na nini? Na sanduku lina tundu?

Koloni_Bovu: Ni barafu kavu (hewa ukaa iliyogandishwa), kilo 5, nimeshalipia. Sanduku nimeligandisha pande zote kwa supaglu, mfuniko nitaubana siku yenyewe. Hakuna kitu kingine kinachotambaa vile, na kwenye video wanaitumia kila siku.

Mpimaji: Hilo ndilo ulipaswa kuanza nalo. Kilo 1 ya barafu kavu hugeuka gesi lita 540 hivi. Sanduku lako ni lita 36. Gramu 70 tu zinalijaza. Zinazozidi zinasukuma kuta mpaka gundi iachie au pleksi ipasuke vipande usoni mwa watu. Ukiacha wazi nako, chumba cha mita 4 kwa 5, dari mita 2.7, madirisha yamefungwa: kilo 5 zikiisha zote hewa ukaa inafika asilimia 5. Asilimia 4 tayari ni hatari kwa uhai. Nayo ni nzito kuliko hewa, inakaa chini walipo watoto.

Koloni_Bovu: Nitaweka kidogo kidogo, mkuu. Sanduku limeshakauka, siwezi kulibomoa sasa.

Rangi_na_Brashi: Mimi siamini uzi huu. Hiyo barafu umeinunua lini, na iko wapi?

Koloni_Bovu: Juzi Jumanne. Iko kwenye friza ya nyumbani.

Rangi_na_Brashi: Friza ni nyuzi 18 chini ya sifuri, barafu kavu ni 78.5 chini ya sifuri. Kilo 5 hazifiki Jumamosi humo. Aliyewahi kuishika angejua. Umetunga.

Mpimaji: Awe ametunga au la, afungue madirisha ya jikoni kwanza, kisha friza, na asiinamie ndani.

Koloni_Bovu: Nimefungua. Kimebaki kipande kama ngumi, na mpira wa mlango umekakamaa.

Mpimaji: Kipeleke nje kwa koleo, kiishie kwenye hewa wazi. Usikitie kwenye chupa wala chombo chenye kifuniko.

Plastiki144: Sanduku lisibomolewe. Chukua nyuzi za poliesta za kujazia mito, uzivute mpaka vidole vionekane upande wa pili, upulize rangi ya njano hafifu kutoka sentimita 30. Fanya hivyo nje ya sanduku, kwa sababu kiyeyushi cha rangi hupasua pleksi nyufa ndogo ndogo. Taa za LED zilale sakafuni, chini ya nyuzi. Mashine ya ukungu wa maji usiijaribu humo: inalowesha kuta na kubandua stika. Mfuniko usiubandike kwa supaglu, mvuke wake huacha utando mweupe ndani. Tumia skrubu nne; toboa kwa drili ya mwendo wa polepole, kipande cha mbao kikiwa chini ya pleksi, la sivyo itapasuka.

Koloni_Bovu: Nyuzi kiasi gani?

Plastiki144: Anza na gramu 20. Ukiona Zaku inazama kupita magoti, punguza.