Tupeane uzoefu: mvua ikinyesha mtaani kwako, maji yanaenda wapi na yanabeba nini?

Mkazi wa Kigogo (mleta mada)
Habarini wadau. Masika ikikaribia, Dar nzima tunaongelea mafuriko. Ni haki yetu. Waliokuwepo Desemba 2011 wanakumbuka watu waliopotea na familia zilizohamishiwa Mabwepande. Lakini hatuongelei maji yenyewe. Mto Msimbazi unaanzia huko milima ya Pugu, unapita Vingunguti, Tabata, Kigogo, Jangwani, unaingia baharini pale Selander. Kila kinachotupwa kwenye mtaro njia nzima hiyo kinapita mlangoni kwetu sisi wa bondeni, halafu kinaishia kwenye mikoko. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 za kudhibiti mafuriko kwenye bonde hili. Naunga mkono kwa moyo wote, ila zege halisafishi maji. Semeni mnayoyaona mtaani kwenu, na kilichosaidia.

Mpangaji Vingunguti
Mkuu, umegusa penyewe. Huku kwetu tatizo ni kutapisha vyoo, yaani kufungulia shimo la choo lijimwage na maji ya mvua. Wingu likitanda tu, mwenye nyumba anaandaa sururu. Mvua ikikolea usiku, ukuta wa shimo unatobolewa upande wa mtaro, asubuhi watoto wanaruka madimbwi hayo hayo wakienda shule. Kipindupindu cha 2015 kilipoingia mjini, hakuna aliyetuuliza kilipitia wapi.
Tusiwalaumu tu watu, gari la kunyonya haliingii vichochoroni. Kwetu wapangaji tulichanga, tukawaita vijana wenye pampu ya mkono. Wanavuta tope, wanajaza mapipa, wanapakia kwenye pikipiki ya matairi matatu na kupeleka mabwawa ya majitaka hapa hapa Vingunguti. Mwenye nyumba alipoona tumeanza, naye akaongeza chake.

Fundi gereji, Ilala
Mimi naongelea oili. Ukibadilisha oili kwenye gari moja unatoa lita nne, wakati mwingine zaidi. Gereji ikiwa kando ya mtaro, mkono unaenda huko wenyewe. Mvua ikinyesha unaona rangi rangi juu ya maji mpaka mwisho wa barabara. Nilikofanya kazi zamani ndivyo ilivyokuwa, na mafundi wakubwa hawakuona shida.
Hapa tulipo sasa kuna pipa la oili chafu lenye mfuniko, limewekwa juu ya tofali mbali na mtaro. Mafundi seremala wanakuja kuinunua oili hiyo, wanapaka mbao za kenchi kuzuia mchwa. Vumbi la mbao tunamwaga sakafuni palipodondoka, linanyonya, tunafagia. Hatupigi maji sakafu, maana ukipiga maji umeshaipeleka mtoni.

Bibi wa Tandale
Wanangu, mimi nimeuona Mto Ng'ombe kabla haujajengewa kingo za zege. Sasa maji yanakimbia vizuri, nashukuru. Kinachoniumiza ni hili: kabla ya masika watu wanachota tope na taka kwenye mitaro midogo, wanalirundika pembeni, wanaondoka. Mvua ya kwanza inalirudisha lote. Kazi bure, na hela za watu zimelipwa.
Tulimwambia mjumbe, siku ya kuzibua toroli liwepo kwanza, vinginevyo asiite mtu. Tope linakaushwa uwanjani, taka zinachambuliwa, mchanga wanauchukua wenye kujaza viwanja. Vijana wa Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za mitaa, walipopita kuchora mitaro walituuliza wazee maji hufika wapi, tukawaonyesha alama ukutani. Ndivyo inavyotakiwa, waulizeni wenyeji.

Mama wa Mtoni
Shikamoo bibi. Kwetu ni kisima. Mtaro ukifurika, maji yanapita juu ya mdomo wa kisima yanaingia. Ukichota kesho yake maji ni meupe kabisa, hayana harufu, ndiyo maana watu wanayanywa. Tuliinua ukingo mpaka kiunoni, tukazungushia sakafu ya saruji yenye mteremko wa kwenda nje, na ndoo ya kuchotea ni moja tu, haiwekwi chini. Hata hivyo shimo la choo la jirani liko karibu, na ukingo hauzuii kinachopita chini ya ardhi. Ya kunywa tunachemsha, mvua au jua.

Mdau wa Mwanza
Huku ni Mto Mirongo, unakatiza katikati ya jiji na kuingia Ziwa Victoria. Ziwa hilo hilo ndilo tunalovuta maji ya bomba. Milimani watu wamejenga juu ya mawe, maji hayana pa kuzama, yanashuka na kila kitu. Nasoma kwa makini.

Mkulima, bonde la Msimbazi
Mchicha wetu mnaula wote. Hatuna maji mengine ya kumwagilia. Mkiyasafisha huko juu, mnasafisha sahani zenu. Najua sheria ya mazingira ya 2004 inataka shughuli zikae mita 60 toka ukingo wa mto, lakini sumu haitokei shambani kwangu.

Mkazi wa Kigogo (mleta mada)
Dada mkulima, nakuelewa. Bibi, shikamoo, hilo la toroli nalipeleka kwenye kikao. Mkuu wa Vingunguti, hao vijana wa pampu mnawalipa kwa safari au kwa pipa?

Mpangaji Vingunguti
Kwa pipa. Pimeni kwanza kina cha tope kwa mti mrefu mjue yatatoka mapipa mangapi, ndipo mchangishe. Na muwaite sasa hivi kukiwa kukavu, mvua zikianza hawapatikani.