White Sox (besiboli, Chicago): hela iende kwa pitcha wa kuanza, bulpeni au wapigaji?

SoxDamu
Wakuu habari zenu. Msimu wa 2025 umeisha 60-102 (tumeshinda 60, tumefungwa 102) na watu wanapiga makofi eti tumepanda, sawa, ila ukitoka 41-121 ya 2024 hata ukijikwaa unapanda. Sasa kipindi hiki cha usajili hela ikitoka (na mmiliki Reinsdorf mnamjua, mkono wa birika) iende wapi? Pitcha (mrushaji) wa kuanza mechi, bulpeni (warushaji wanaoingia baadaye), au wapigaji? Mimi nasema wapigaji na sitetereki. 2024 tulipata rani (pointi) 507 kwenye mechi 162, yaani tatu na kidogo kwa mechi, ligi nzima hakuna aliyepata chache hivyo. Pitcha wetu Garrett Crochet mwaka huo karusha inningi (vipindi vya mechi) 146, straikauti 209 (wapigaji aliowatoa kwa straiki tatu), ERA 3.58 (wastani wa rani anazofungwa kwa inningi tisa), rekodi yake 6-12!! Mtu anafanya kazi ya watu watatu halafu lainapu (safu ya wapigaji) ina Maldonado anapiga .119, yaani hiti kama 12 katika kila nafasi 100. Niambieni utamnunua pitcha gani aokoe hiyo.

Dada_wa_35th
Kaka hapo kwa Crochet sikupingi ila umeruka bulpeni makusudi. Mimi nilikuwa naangalia, tunaongoza mpaka inningi ya saba naenda jikoni kutia chai narudi tumeshafungwa. Na hata 2025 mechi ngapi tumepoteza kwa rani moja tu? Rani moja hiyo ni ya wale jamaa wa inningi ya nane na ya tisa sio ya wapigaji. Kopech wa bulpeni yetu mwenyewe tulimuuza Dodgers katikati ya 2024, Oktoba akavishwa pete ya ubingwa huko.

mtumzima_bronzeville
Bulpeni mnunue ya nini kwenye timu iliyoshinda mechi 60 dada yangu? Hiyo ni kuweka kufuli kwenye nyumba isiyo na ukuta. Rilivu (pitcha wa bulpeni) mzuri unamnunua ukiwa na kitu cha kulinda.

Dada_wa_35th
haya mzee nimekusikia 😂 ila moyo wangu ndo unaoumia

Kijana_Rockford
Mi nataka pitcha wa kuanza. Angalieni Crochet tulipomuuza Boston, msimu wa 2025: 18-5, ERA 2.59, straikauti 255, na wakamfunga mkataba wa dola milioni 170. Sisi tulikuwa naye MKONONI. Timu yenye ace (pitcha nambari moja) unaenda uwanjani kila siku ya tano unajua leo kuna kitu. 2024 ukitoa yeye na Fedde, pitcha mwingine ambaye naye aliuzwa Julai, ulibaki na nani? Flexen 3-15. Mtu unakata tiketi unamkuta Flexen.

SoxDamu
We bwana unanisaidia hoja yangu mwenyewe. Ukampa Crochet yuleyule lainapu ya Boston ndo kashinda 18, mkono ni uleule! Na tulichopata kwa kumuuza sio kidogo, Teel kama kecha (mdakaji nyuma ya mpigaji) anapiga .273, Meidroth tayari yuko infildi (uwanja wa ndani), Braden Montgomery bado yuko njiani. Halafu pitcha unaweza kumwokota, Shane Smith tulimchukua kwa Brewers kwenye Rule 5 (utaratibu wa kuchukua wachezaji ambao klabu nyingine haijawaweka kwenye orodha yake kuu), gharama yake dola laki moja, msimu uliofuata akaenda All-Star (mechi ya nyota). Na kule chini kwenye ligi ndogo 2025 tulikuwa na mapitcha Schultz na Hagen Smith, wote wa kushoto. Mpigaji wa kati wa lainapu huwezi kumwokota kwa laki moja.

mtumzima_bronzeville
Laki moja ni bahati, usiifanye sera. Na kwa wapigaji mbona umemsahau Colson Montgomery, kapandishwa Julai 2025 kapiga homurani 21 (mipira ya kupigwa nje ya uwanja) kwenye mechi 71, huyo ni wa kwetu kwenye drafti (klabu kuchagua vijana) hatukumnunua. Tulipofungua pochi kweli kweli tulimpa mpigaji Benintendi dola milioni 75 kwa miaka mitano, mkataba mkubwa kuliko wote katika historia ya klabu, na 2024 kapiga .229. Kwa hiyo tatizo sio fungu gani, ni nani anachagua.

Dada_wa_35th
Na tusisahau AKILI. Mei 2024 na Orioles, inningi ya tisa, tuko nyuma 8-6, watu wawili kwenye besi, Benintendi kapiga mpira wa juu pale infildi, ameshapigiwa auti (katolewa) tayari kwa sheria ya infield fly, Henderson wao anautafuta mpira na Vaughn wetu anarudi zake besi ya pili, refa anasema kamzuia. Auti mbili kwa mpigo, mechi imeisha hapo hapo, na mpira Henderson alishaudaka! Nilibaki nimesimama na rimoti.

Kijana_Rockford
ile sheria mpaka leo sijaielewa na sitaki kuielewa

SoxDamu
Hiyo refa alizingua tu. Ila kinachoniuma zaidi ni drafti, umepoteza mechi 121 halafu 2025 unachagua wa 10 kwa sababu klabu za miji mikubwa haziruhusiwi kwenye bahati nasibu (ya kupanga nani achague kwanza) miaka miwili mfululizo. Yani tumekuwa wabaya kuliko wote na hata zawadi ya ubaya hatukupewa.

mtumzima_bronzeville
Basi tukubaliane hivi, mpigaji mmoja mkubwa wa besi ya kwanza au pembeni ya autifildi (uwanja wa nje), mwenye kupiga mbali, na pitcha mmoja mzoefu wa mwaka mmoja wa kula inningi ili hawa watoto wasichoke mikono. Bulpeni wapandishwe vijana.

Kijana_Rockford
Mzee mzoefu wa mwaka mmoja si ndo Flexen huyo huyo

SoxDamu
😂😂😂 hapana jamani, mtajeni mwingine